Uzi wa Kijani wa Mama

Leek,
Jumapili, Februari

Kaka yangu mpendwa Clive,

Salamu nyingi zikufikie hapo Rhyl, wewe na wifi yangu Hazel. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba upepo wa baharini haujang'oa tena paa la banda lenu. Kiwiko kinaendeleaje? Hazel aliniambia nyuzi zimetolewa na kidonda kimefunga, ila bado huwezi kuinua birika kwa mkono wa kushoto. Inulia wa kulia basi, usijifanye umesahau birika linakaa wapi. Sisi huku hatujambo, na nikisema sisi maana yake ni mimi na paka. Magoti yananisumbua kila nikipanda ngazi za kiwandani, mvua haijakatika tangu Mwaka Mpya, na barabara ya mlimani kwenda Buxton ilifungwa wiki nzima kwa theluji. Wale wenzako wa pikipiki wamebaki mkahawani wakinywa chai na kudanganyana kuhusu mwendo kasi.

Najua unajiuliza kwa nini naandika barua na simu ipo. Naandika kwa sababu kwenye simu kila nikitaja jina la mkweo Nadeem unaniambia kuna mtu anagonga mlango. Kaka, mlango wenu una wageni wengi kuliko kituo cha treni. Barua huwezi kuikata. Mama alitulea tusome barua mpaka kwenye sahihi, hata ikiwa ya mtu tusiyempenda. Mimina chai, kaa chini, usome mpaka ufike kwenye jina langu.

Nianze na mwanao. Ros hajambo, tumbo limekua, miguu imevimba, na mtoto anatarajiwa katikati ya Machi. Nilikuwa kwao Jumapili iliyopita nikawapikia zile chapati zetu za shayiri, za Ros nikatia jibini na nyama ya nguruwe, za Nadeem jibini na uyoga. Nilimuuliza Ros kama ana salamu zako. Akaendelea kukunja vijinguo vya mtoto, halafu akasema nikuambie anakupenda, lakini mtoto wake hataingia nyumba ambamo baba yake huyo mtoto anaitwa mwizi. Hakulia. Ningefurahi kama angelia, maana akilia najua pa kumshika. Alisema vile kama mtu anayekuambia basi limeshapita. Clive, ni mjukuu wako wa kwanza, na huenda ukaja kumwona kwenye picha tu, kwa ajili ya koti.

Sitaki kukuchosha kwa kurudia ya Oktoba, lakini nitayarudia, kwa sababu yalitokea kwenye meza yangu na nina hakika wewe umeshajisimulia namna nyingine. Ulikuja mkono umefungwa, una hasira ya mtu aliyeanguka polepole mbele za watu. Hilo nalielewa. Umeteleza na pikipiki kwenye kona, mwendo wa baiskeli, na mshono wa mkono wa koti ukafumuka wote kama ganda la ndizi, lami ikakutana na nyama yako. Ni koti jipya la pikipiki la kiwanda cha Skellern, zawadi ya mkweo ulipofikisha miaka sitini, koti lenye jina ambalo Mama alilishonea maisha yake yote. Hasira ulikuwa na haki nayo. Lakini ukalitupa lile koti mezani juu ya sahani za keki, ukageuza mfuko wa kushoto nje ndani, ukamsogezea Nadeem puani ukimwambia akuonyeshe uzi uko wapi. Yule kijana akabaki kutazama mfuko. Hakujua ni uzi gani. Ukamwambia hakuna koti la Skellern lililotoka Leek bila uzi, wewe umekulia chini ya zile cherehani, hutapeliki. Ukaongeza kwamba kila mtu anajua mjomba wake Bashir anauza mabegi soko la Hanley, na kwamba huko kwao feki ni biashara ya ukoo.

Jamani, Clive. Ros alikuwa amekaa pale pale.

Nadeem aliweka sahani yake chini taratibu. Akasema, "Pole na mkono, baba," akaenda kuchukua makoti yao. Ndiyo maneno yake yote. Mimi nilibaki kuokota keki iliyosagika, nawe ukasema nilione koti lile kwa jicho la fundi, nithibitishe kwamba ni feki, ili kila mtu ajue nani mwongo. Ukanitumia kwa posta Novemba. Leo nakupa jibu lako, lakini kwa mpangilio wangu, kwa sababu jibu lenyewe limenichosha na nataka uchoke nami.

Baadaye nilimweleza Nadeem habari za uzi, kwa kuwa hakuna mtu nje ya nyumba za mafundi wa Skellern anayezijua. Nilimwambia kila mshonaji alikuwa na rangi yake. Akimaliza koti, anageuza mfuko wa kushoto na kupiga mishono mitatu ya rangi yake nyuma kabisa, mahali ambapo mwenye koti hafikishi mkono mpaka atafute. Koti likirudi na kasoro, msimamizi Ivy Podmore alikuwa anageuza mfuko, anaona rangi, kisha analibeba juu juu katikati ya ukumbi hadi kwenye cherehani ya mhusika, wote tukitazama. Aibu yake hata leo nikiiota natoka jasho. Ya Mama ilikuwa kijani, yangu njano. Koti la Mama lilirudi mara moja tu, tena lilitafunwa na mbwa. Nadeem alicheka kwa hilo. Ndipo nikamweleza koti la Baba, jinsi Baba alivyoteleza nalo kwenye barafu kule mlimani akaburuzika mpaka ukutani, koti likachubuka na Baba asichubuke, nawe ukalirithi ukalivaa mpaka tumbo lako likakataa vifungo. Akasema hilo la tumbo alilijua, ndilo lililomfanya akanunue jipya.

Sasa nikuambie habari za kazini, ingawa sipendi kuzisema. Unapokuja huishia kuangalia lile jina kubwa juu ya mnara na kufurahi. Chini ya jina hakuna kitu, kaka. Kiwanda kimeuzwa, kikauzwa tena. Ukumbi wa kukatia vitambaa umekuwa nyumba za kupanga, watu wanakaanga mayai pale Baba alipokuwa anasimama na mkasi wake. Kushona kunafanywa nje, mahali popote penye bei nafuu mwaka huo, hata mimi siambiwi wapi. Kilichobaki Leek ni kile chumba cha juu tunachokiita chumba cha viraka, mimi ndani yake na redio. Zamani makoti yaliyoletwa pale yalikuwa ya wazee, yana miaka mingi kuliko Ros, yanakuja kupakwa upya nta ya kuzuia mvua na kubadilishiwa bitana, na yananuka moshi wa pikipiki na tumbaku. Siku hizi nusu ya rundo ni makoti mapya. Zipu imeng'oka, begani panavuja, nta imebanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Mtu katoa pauni mia tisa, msimu haujaisha, koti linavuja.

Mkubwa wangu sasa ni Julian, kijana wa London, ana adabu za mtoto wa mchungaji. Kila Alhamisi anakuja kwa treni, ananiletea biskuti, anauliza hali ya magoti. Nimejaribu kumchukia nimeshindwa. Siku moja nilimwonyesha lile rundo. Nikamwambia mtu akipanda pikipiki na koti hili kwenye mvua ya huku kwetu atafika nyumbani ameloa mpaka soksi. Akacheka kwa upole, akaniuliza, "Glenys mpenzi, lakini nani anapanda nalo pikipiki? Watu wanaenda nalo kunywa kahawa." Nikamwambia kaka yangu anapanda. Akasema basi kaka yangu ni mtu adimu sana. Nadhani alikusifu.

Unajua pia kwamba picha ya Mama wameibandika kwenye madirisha ya maduka yao. Ile ya kwenye cherehani, kitambaa kichwani, pini mdomoni. Uliiona gazetini ukanipigia simu ukijisifu siku nzima. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nami kila nikiiona ile picha nawaza hilo. Lakini ile picha ndiyo iliyonunua koti lako, na hili hulijui.

Nadeem alinisimulia Jumapili ile, Ros akiwa amelala. Mwezi Mei alikwenda Manchester kufunga nyaya za umeme kwenye ofisi fulani. Wakati wa mapumziko akatoka kutafuta mkate, akamwona mwanamke dirishani. Akavuka barabara arudi amwangalie vizuri. Ni yule yule aliye kwenye ukuta wa ngazi zao, bibi yake Ros, ambaye yeye hakuwahi kumkuta hai. Akaingia dukani na buti zake za vumbi. Anasema kijana wa dukani alimtazama kama aliyekuja kuziba choo. Akauliza yule mama ni nani, kijana akasema ni picha tu ya zamani. Nadeem akamwambia, "Si picha tu, huyo ni bibi yetu," akaomba koti kubwa kuliko yote waliyo nayo. Aliniambia, nami nakuandikia kama alivyosema, "Shangazi, mimi nilidhani namnunulia koti la mama yake."

Nilimuuliza kwa nini hakukuambia. Akasema siku ya sherehe alitaka kukuambia baada ya keki, lakini wewe ulishalivaa ukatoka kwenda kuwasha pikipiki, na alifurahi kukuona unavyofurahi, akaona itasubiri. Na Oktoba je? Hapo akasema risiti anayo, iko kwenye droo, lakini mtu akishamwita mwizi hawezi kumtolea risiti. Risiti mtu anamwonyesha muuza duka. Yeye ni mkweo. Sikumwomba aitoe, nawe usije ukaiomba.

Utaniambia maneno ya kijana si ushahidi. Sawa. Mimi pia nilitaka kulisikia koti lenyewe. Kaka, nakuapia, nilitamani liwe feki kuliko ulivyotamani wewe. Kama ni feki, basi mjomba Bashir anaweza kuwa mwongo, au duka la Manchester, au mtu yeyote duniani, mradi si Skellern. Niliacha koti lako kwenye mfuko wa posta nyuma ya mlango wa jikoni mpaka Krismasi ikapita, kila nikipita nageuza uso.

Kilichonifanya nilifungue ni mtu mmoja wa Macclesfield. Alikuja Januari, fundi wa magari, mikono haitakati, na koti la Skellern ambalo funguo zilikuwa zimetoboa mfuko. Akasema alilinunua mtandaoni kwa bei ya bure. Nikaanza kazi, nikageuza mfuko wa kushoto. Mishono mitatu myekundu! Nyekundu ilikuwa rangi ya Ivy Podmore mwenyewe, kabla hajawa msimamizi, na Ivy tumemzika zamani. Lakini koti lilikuwa jipya. Nikalipeleka dirishani. Lebo ya shingoni ilikuwa ya nailoni inayong'aa, na vifungo vilikuwa vyepesi mno. Feki tupu. Walichukua koti la zamani la Ivy, wakalifumua, wakaliiga lote kipande kwa kipande, na uzi wake wakauiga pia wakidhani ni sehemu ya mtindo. Maskini, hawakujua wanasaini jina la marehemu.

Lakini sikiliza, Clive. Mishono ilikuwa ya kukunjwa mara mbili kama tulivyofundishwa. Kiwiko kilikuwa na vitambaa viwili, kimoja juu ya kingine, kama cha Baba. Zipu ilikuwa nzito. Wale wezi walishona vizuri kwa kuwa hawakujua mahali pa kudanganya. Nilikaa nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikageuka, nikatafuta leso. Julian alipoliona akasema chumba chetu hakigusi feki, nimrudishie mwenyewe kwa heshima. Nikamrudishia. Yule fundi akalivaa na tundu lake, akasema, "Haidhuru, mama. Nimeshaanguka nalo mara mbili sijachubuka hata ukucha." Nilimsikiliza akishuka ngazi nikakumbuka kiwiko chako.

Siku ile nilipofika nyumbani nilitoa koti lako nyuma ya mlango, nikalilaza mezani, nikafumua bitana yote.

Ni la Skellern, kaka. Ni la kweli, halina shaka hata chembe. Nalijua kama ninavyojua kikohozi chako. Mkono wa kushoto umepachikwa ukiwa umepinda kidogo kuelekea mgongoni, na makoti yote ya mwaka ule yamepinda hapo hapo, nimeyanyoosha mpaka vidole vikapata sugu. Mshono wa mkono ni mmoja, umefunikwa kwa utepe wa gundi ili usionekane. Kiwikoni kuna kitambaa kimoja na kipande cha sponji ambacho nisingeoshea kikombe. Uzi wa fundi hauna kwa sababu fundi hana jina tena huko anakoshonea, na hakuna Ivy wa kumpelekea likirudi. Wewe ulitafuta uzi ule ukauhukumu ukoo wa watu. Mtu mwingine yeyote angetazama lebo na kunyamaza, lakini wewe ni mtoto wa Mama, ukageuza mfuko. Na siku hizi, Clive, mwenye uzi ndiye feki, asiye nao ndiye wa kweli. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wewe umekitafuta soko la Hanley.

Nadeem alikununulia kitu cha kweli. Kibaya ni sisi.

Sijamaliza. Kuna jambo la Alhamisi iliyopita, na hili ndilo lililonikalisha kuandika, maana sijui nimwambie nani mwingine. Unakumbuka ulivyowapigia simu watu wa malalamiko kule London, ukawasomea somo saa nzima? Hazel alisema chai ilipoa mara mbili. Uliwaambia kuna feki zinauzwa kwa jina lao, ukawafundisha namna ya kuzitambua: uzi nyuma ya mfuko wa kushoto, mishono mitatu, kila mshonaji na rangi yake, na ya Mama yetu, yule wa kwenye picha, ilikuwa ya kijani. Basi simu zile wanazirekodi. Mtu kaisikiliza, akampa mwenzake, mpaka ikafika kwa Julian. Alhamisi alipanda ngazi mbio na biskuti za bei, macho yanametameta. Akaniambia hii ni hazina, kwa nini sikuwahi kuitaja? Kuanzia Aprili kila koti la Skellern litakalotoka, popote linaposhonwa, litakuwa na mishono mitatu ya kijani nyuma ya mfuko wa kushoto. Itapigwa na mashine. Na bei itapanda kidogo.

Nilimuuliza likirudi na kasoro watampelekea nani. Hakulielewa swali. Alinitazama kwa huruma, akanisogezea kiti akidhani ni magoti.

Sikulaumu kwa hilo, kaka. Ulidhani unamtetea Mama, nami ningekuwa na kiwiko kama chako labda ningepiga simu ile ile. Lakini ona sasa. Yale makoti yote yanayovuja yataitwa ya kwake, na hayupo wa kusema si yangu. Nilimwambia Julian nitaondoka Pasaka. Akasikitika kweli, akasema watanifanyia keki. Nimechoka, Clive. Nimechoka kuziba matundu ya watu nisiowajua kwa jina nililolipenda.

Basi haya ndiyo ninayokuomba. Mpigie simu Nadeem. Usimpigie Ros kwanza, mpigie yeye. Usianze na koti, anza na kumuuliza kitanda cha mtoto kimefika wapi, maana anakitengeneza mwenyewe na miguu yake haijalingana. Halafu useme neno lile ambalo wanaume wa nyumba yetu huwa wanalimeza na chai. Likikukwama sema tu kwamba dada yako amekuandikia. Ni mwungwana, atakusaidia kulimalizia. Nilimuuliza kama akipigiwa atapokea, akasema, "Inshallah, shangazi, mbona simu yangu haijazimwa?" Machi haiko mbali.

Koti lako nakurudishia pamoja na barua hii. Jumapili tatu tumelishughulikia jikoni kwangu kwa cherehani ya Mama. Nimefumua mikono yote miwili, nimeinyoosha, nimeshona mishono ya kukunjwa, na kiwikoni nimeweka kitambaa cha pili nilichokata kwenye koti la Baba uliloniachia, kile kipande cha mgongoni kilichokuwa bado kizima. Mimi peke yangu nisingeweza, kitambaa kile ni kizito na vidole vyangu si vile. Nadeem alikuja kurekebisha taa ya cherehani, akabaki akinishikia mkono wa koti nikishona. Nta kaipaka yeye yote, akiiyeyusha kwa mashine ya Ros ya kukaushia nywele mpaka nyumba nzima ikanuka kama banda la Baba. Aliniomba nisikuambie. Nimekuambia.

Ukilipokea, najua utakachofanya kabla hata hujalivaa. Utatia vidole nyuma ya mfuko wa kushoto. Usihangaike, hutakuta kitu. Uzi wangu wa njano ulikuwa mezani, na wa Mama wa kijani bado umo kwenye lile bati la biskuti, nikautazama muda mrefu nikaurudisha. Kuanzia Aprili yote yatakuwa na uzi. La kwako halina. Ukipapasa ukakosa, ujue tulilishona sisi, mimi na mkweo.

Mpe Hazel busu langu, mwambie maua aliyonipa yamekufa lakini si kwa kukosa maji. Paka anakusalimu, hajasahau ulivyomkanyaga. Uwe na afya, uendeshe polepole kwenye kona, na uniandikie, ila kwanza inua hiyo simu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Glenys